Punje ya Shamari na Chupa ya Mafuta Yake

Miezi ya Juni na Julai, baridi inapoushika mji wa Songea, chai ya viungo hunywewa majumbani. Giligilani, bizari nyembamba na shamari, zinazouzwa kwa vipimo vidogo sokoni, ni jamaa wa ukoo mmoja wa mimea, ukoo wa karoti. Tunaziita mbegu, ingawa kwa mtaalamu wa mimea kila punje ni tunda kavu. Ndani ya ganda lake mna vifereji vyembamba vyenye mafuta yarukayo hewani, nayo ndiyo asili ya harufu.

Mafuta hayo hayafanani na ya alizeti. Dondosha tone la kila moja juu ya karatasi: la alizeti litaacha doa la kudumu, la viungo litatoweka, au litaacha alama hafifu tu. Molekuli zake ni ndogo, nyepesi, na haziyeyuki vyema katika maji. Ndiyo sababu birika la chai ya viungo lifunikwe. Mvuke unaojaza jiko kwa harufu nzuri ni dawa inayokimbia.

Kemia ya mmea hubadilika kadiri unavyokomaa. Jani la kotmiri hunukia kwa sababu ya aldehaidi, ambazo baadhi ya watu hudai zinanuka sabuni. Punje kavu ya giligilani, tunda la mmea uleule, hutawaliwa na linaloli, yenye harufu tamu. Katika bizari nyembamba hutawala aldehaidi ya namna nyingine.

Shamari ndiyo yenye somo zito zaidi. Utamu wake watokana na anetoli, ambayo huandamana na kiasi kidogo cha estragoli. Zote mbili zina atomu 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 1 ya oksijeni. Zinatofautiana mahali pa kiungo kimoja tu. Hata hivyo, estragoli kwa dozi kubwa imesababisha uvimbe wa saratani katika ini la panya wa maabara.

Je, tuiogope chai? Tupige hesabu. Shamari huwa na mafuta asilimia 2 hadi 6 ya uzito wake, tuchukue 4. Kijiko cha chai cha punje, takriban gramu 2, kina mafuta yasiyofikia sehemu ya kumi ya gramu, na maji huchukua sehemu yake tu. Lakini kijiko hichohicho kikijazwa mafuta yaliyokenekwa, mililita 5, kimebeba mafuta ya punje gramu 120 hivi: vijiko 60 kwa mkupuo mmoja. Kiasi hicho chaweza kuleta degedege.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto anayelia usiku kwa msokoto wa tumbo asimtilie matone ya mafuta hayo mdomoni. Hata chai ya shamari si ya mtoto aliye chini ya miezi 6, ambaye Shirika la Afya Duniani linamwelekeza kwenye maziwa ya mama pekee.

Mtoto akiyanywa kwa bahati mbaya, asilazimishwe kutapika, kwani mafuta yakiingia mapafuni huyadhuru. Apelekwe kituoni mara moja pamoja na chupa. Mhudumu naye, anapoambiwa mtoto alipewa "shamari", aulize: punje, chai au mafuta? Kiasi gani? Saa ngapi?