Msimu Bora wa Chuo Kidogo: Namna ya Kubishana Ukaeleweka

Ubishi wa nani alicheza msimu bora wa chuo kidogo unajulikana. Mmoja anasema Manute Bol. Wa pili anacheka. Wa tatu anataja nyota wa zamani ambaye hakuna aliyemwona akicheza. Nusu saa baadaye kahawa imepoa, sauti zimepanda, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Kama uko Palma, Mocímboa da Praia au Pemba na unaupenda mpira wa kikapu, ubishi wa vyuo vidogo vya Marekani unakuhusu. Manute huyo, mmoja wa wakubwa wake, alizaliwa huku kwetu Afrika Mashariki, mahali ambapo leo ni Sudan Kusini. Jipange tu.

Wekeni mipaka kabla ya majina. Chuo kidogo hapa ni kile kinachocheza nje ya Division I, daraja la juu la chama cha NCAA, yaani kwenye Division II, Division III au chama cha NAIA. Kabla ya 1973 hizo Division II na III hazikuwepo. Vyuo vidogo vya NCAA viliwekwa pamoja kwenye kundi lililoitwa College Division. Mkikubaliana hapo mapema, nusu ya kelele imekwisha.

Mpaka huo uushike hata kwa watu wetu. Clarisse Machanguana wa Maputo alifika fainali ya NCAA ya 1997 akiwa na chuo cha Old Dominion, wakafungwa na Tennessee 68–59. Mtanzania Hasheem Thabeet alitoka UConn, na mwaka 2009 Memphis walimchukua wa pili kwenye drafti ya NBA. Ni fahari yetu wote wawili, lakini walicheza Division I. Watengee jioni yao.

Mnajadili msimu mzima, usiku mmoja hautoshi. Lazima atatokea wa kumtaja Jack Taylor wa Grinnell, Iowa, aliyefunga pointi 138 tarehe 20 Novemba 2012. Usiikatae namba hiyo, ni ya kweli. Muulize tu alirusha mara ngapi. Mara 108! Kati ya hizo, 71 zilikuwa za pointi tatu, akaingiza 27. Kisha muulize wapinzani walifanya nini. Faith Baptist Bible walilala 179–104, lakini mchezaji wao mmoja naye alifunga 70 usiku ule ule. Mechi ya namna hiyo inakuonyesha mtindo wa Grinnell, wa kukimbia na kurusha bila kupumzika. Haikuonyeshi msimu wa mtu.

Swali la pili ni hili: walicheza na nani? Mfano wake ni Bevo Francis wa Rio Grande, chuo cha Ohio kilichokuwa na wanafunzi wasiofika mia. Msimu wa 1952–53 alifunga wastani wa pointi 50.1, na timu ikashinda mechi zote 39. Lakini wengi wa wapinzani hawakuwa vyuo kamili vya miaka minne, na NCAA ikaamua mechi hizo zisihesabiwe. Msimu uliofuata wakaenda kutafuta vyuo kamili, na Francis akamaliza na wastani wa 46.5. Tarehe 2 Februari 1954 aliwafunga Hillsdale pointi 113 peke yake. Kwa hiyo ukimtetea Bevo, tumia 46.5. Ukitumia 50.1 umempa mpinzani wako panga.

Angalia na sheria za wakati huo. Kwa wanaume, mstari wa pointi tatu ulienea vyuo vyote msimu wa 1986–87. Saa ya kurusha ilikuja mwaka mmoja kabla. Francis alifunga zile 113 bila mtupo hata mmoja wa pointi tatu. Nyota wa miaka ya nyuma wakiwekwa mezani pamoja na wa leo, taja jambo hili mapema, kwa sauti ya kawaida, halafu mwache mwenzako apige hesabu mwenyewe.

Yaliyofuata baadaye yaweke kando. Huku Scottie Pippen na Dennis Rodman wanapendwa kwa sababu ya Chicago Bulls, na wote wawili walitoka vyuo vya NAIA. Pippen alimaliza Central Arkansas mwaka 1987 na wastani wa pointi 23.6 na ribaundi 10. Ni msimu mzuri, lakini mataji yake sita ya NBA hayaongezi hata kikapu kimoja kwenye msimu huo. Rodman ana hoja nzito zaidi. Mwaka wake wa mwisho Southeastern Oklahoma State, 1985–86, alipata pointi 24.4 na ribaundi 17.8 kwa mechi. Zile 17.8 zinasimama zenyewe, hata kama asingeenda popote baada ya pale.

Sasa Manute. Hapa usiharakishe.

Msimu ni wa 1984–85, chuo ni Bridgeport cha Connecticut, Division II. Alicheza pale mwaka mmoja tu: pointi 22.5, ribaundi 13.5, bloku 7.1 kwa kila mechi. Ukumbi uliokuwa ukipata watu mia tano au sita ukaanza kujaa, watu 1,800, na timu ikafuzu mashindano ya taifa ya Division II. Wengi wanaomtetea wanaanza na urefu, mita 2.31, na hapo ndipo wanapoharibu. Ukianza na urefu umejibiwa tayari: “Alikuwa mrefu tu.” Anza na bloku.

Wapigie hesabu polepole. Mtu anazuia mipira saba kila mechi. Tuseme nusu yake tu ndiyo ingeingia. Hizo ni pointi saba kila usiku ambazo hazionekani popote kwenye ubao. Bado hujawahesabu waliofika chini ya kikapu, wakamwona, wakarudisha mpira nje. Mfungaji anaongeza upande wake. Huyu alikuwa akiongeza kwake na kupunguza kwa wapinzani, mechi ile ile.

Watakuja na hoja mbili. Ya kwanza: wapinzani walikuwa wafupi na wadogo. Jibu ni kwamba mwaka uliofuata tu, 1985–86, akiwa na Washington Bullets, alizuia mipira 397. Ilikuwa rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza katika NBA, karibu mitano kwa mechi mbele ya majitu. Nimesema NBA iwekwe kando, na nashikilia hapo. Hapa inaingia kama shahidi wa jambo moja tu, kwamba bloku zake hazikutokana na udhaifu wa wapinzani. Hoja ya pili ni ngumu zaidi: NCAA ilianza kuweka kumbukumbu rasmi za bloku katika Division I msimu wa 1985–86, yeye akiwa ameshaondoka, na Division II ilichelewa zaidi. Ukiulizwa, kiri kwamba 7.1 haimo kwenye vitabu rasmi vya rekodi. Kukiri kunakupa heshima, na namba haipungui uzito.

Pamoja na hayo yote, kura yangu ya kwanza haiendi kwa Manute. Inakwenda kwa Earl Monroe wa Winston-Salem State, 1966–67.

Hesabu yake ijue kwa kichwa: pointi 1,329 katika mechi 32, wastani wa 41.5, bila mstari wa pointi tatu. Timu ya kocha Clarence Gaines ilishinda mechi 31 na kupoteza moja. Fainali ya College Division waliwafunga Southwest Missouri State 77–74, na Monroe peke yake alifunga 40 kati ya hizo 77. Kwa ushindi ule, Winston-Salem State kikawa chuo cha kwanza kati ya vyuo vya jadi vya Wamarekani weusi kutwaa taji la NCAA la mpira wa kikapu. Ufungaji, ushindi na taji, vyote msimu mmoja. Mwingine mwenye vitatu hivyo ni Travis Grant wa Kentucky State: wastani wa 39.5 mwaka 1971–72 na taji la NAIA, tena bila mwenzake mrefu Elmore Smith, aliyekuwa ameshakwenda NBA. Ukimchagua Grant sitakuzomea.

Wanawake wasisahauliwe, hasa na sisi. Msumbiji ni nchi ambayo sifa ya kikapu chake imebebwa na wanawake. Walifika fainali ya AfroBasket ya 2013 pale Maputo, na mwaka uliofuata wakacheza mashindano ya dunia Uturuki. Kwa hiyo Lusia Harris lazima atajwe. Msimu wa 1975–76 alifunga pointi 1,060 akiwa na Delta State ya Mississippi, wastani wa 31.2, na chuo hicho kilichukua taji la taifa la AIAW, chama cha michezo ya wanawake vyuoni, miaka mitatu mfululizo, 1975 hadi 1977. Kuna swali la mpaka hapa: chuo kilikuwa kidogo, lakini taji lile ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote kwa wanawake, maana NCAA ilikuwa bado haijaanza mashindano yao. Mimi namwingiza. Amueni nyinyi mapema, jina lake likiwa bado halijapasha watu moto.

Kazi ya mikono sasa. Megas za intaneti zikiwepo mchana, pakua takwimu uziandike kwenye karatasi moja: jina, chuo, msimu, mechi, wastani, taji. Usitegemee mtandao usiku, wala picha za Facebook zenye namba zisizo na mwaka. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri inanyamazisha simu kumi.

Mkikaa barazani baada ya swala ya isha, mwache mkubwa wenu aanze. Kila mtu apewe jina moja na nafasi ya kumaliza. Ukitaka kupinga, rudia kwanza hoja ya mwenzako mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Inachukua nusu dakika na inaondoa ugomvi mwingi.

Wenzenu wengine hawapo barazani. Kuna waliobaki Pemba au Nampula tangu mashambulizi ya Palma ya Machi 2021. Waingizeni kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na muweke masharti: hoja moja, namba moja, dakika moja. Ujumbe wa dakika tano hausikilizwi, na unakula megas za mtu ambaye pengine ndiyo hizo tu alizo nazo. Majibu yao yapigeni kwa sauti kubwa mbele ya wote, msiwasomee muhtasari. Mtu akisikia sauti yake imefika barazani, atabishana nanyi kila wiki.

Mwisho pigeni kura. Kila mmoja aandike majina matatu kwa mpangilio: la kwanza alama tatu, la pili mbili, la tatu moja. Karatasi atunze mmoja, mwezi ujao muanzie hapo. Na atakayekuja na jina jipya, mdogo wangu, kabla hajasema lolote mwombe idadi ya mechi.