AFYA YA FAMILIA: Safari ya Gari Katika Jangwa la Oman



Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na kliniki ya akina mama wajawazito. Leo tunaomba mtuvumilie tuzungumzie jangwa la Arabuni. Sababu ni kwamba vijana wengi wa parokia zetu wako huko wakitafuta riziki, na mmoja wao tulimuuguza katika wodi yetu kwa miezi saba.

Kijana huyo alikuwa akifanya kazi Maskati. Mwezi wa Agosti yeye na wenzake wawili walikodi gari waende Salalah, kusini kabisa mwa Oman. Huko mvua za manyunyu za khareef huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi Septemba, milima ikawa ya kijani na hewa ya baridi. Wakati huohuo sehemu nyingine za nchi joto hupita nyuzi 45. Mapumziko ya juma Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo waliondoka Alhamisi jioni, mara tu baada ya kazi. Walipanga kusafiri usiku kucha ili waokoe pesa ya hoteli. Yeye ndiye aliyekuwa dereva, na alikuwa macho tangu alfajiri ya siku hiyo. Walipopita Haima, yapata saa kumi usiku, alisinzia. Gari lilitoka kwenye lami na kubingirika mara tatu. Wenzake walikuwa wamefunga mikanda, wakatoka na michubuko. Yeye alikuwa ameufungua wake kwa sababu ulikuwa unamkwaruza shingoni. Alirushwa nje na kuvunjika uti wa mgongo kiunoni.

Alitibiwa huko, kisha wenzake walichangishana nauli akarudi nyumbani. Alipofika kwetu alikuwa na vidonda vya malalo viwili, kimoja kinaingia ngumi. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na tukamfundisha mama yake kubadilisha mpira wa mkojo. Ana miaka 29. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuandike haya, bila jina lake, kwa sababu mdogo wake naye amepata kazi ya udereva hukohuko.

Njia yenyewe

Kutoka Maskati hadi Salalah kwa njia ya ndani ni kilometa kama 1,000, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga. Tofauti ni kwamba kwetu kila baada ya mwendo mfupi kuna kijiji, genge, mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Huko, ukishauacha mji wa Adam, kunakuwa na mchanga na changarawe tupu hadi upeo wa macho. Haima iko takriban katikati ya njia. Baadaye unafika Thumrait, kisha ndipo barabara inapanda na kushuka milima ya Dhofar kuelekea Salalah. Upande wa magharibi kuna jangwa kubwa la Rub' al Khali. Barabara ni nzuri na imenyooka, na huo wema wake ndio unaomlaza dereva.

Tena huko magari hupita upande wa kulia, sisi tumezoea kushoto. Mtu akiwa mchangamfu hujizoeza upesi. Akichoka, au akitoka kituo cha mafuta usiku pasipo na gari jingine barabarani, mikono humrudisha upande wa kwao bila yeye kujua. Abiria wa mbele amkumbushe kila wanaporudi barabarani.

Usingizi

Tunaanza na usingizi kwa kuwa ndio uliomleta mgonjwa wetu wodini, na kwa sababu watu huudharau. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha gari kama aliyekunywa pombe kwa kiasi ambacho nchi nyingi zinakikataza barabarani. Mwili una saa zake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi hutaka kulala, na hutaka tena kidogo baada ya chakula cha mchana. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kujimwagia maji usoni, yote hayo hukuchangamsha kwa dakika chache tu. Gari la kilometa 120 kwa saa hupita mita 100 katika muda wa sekunde tatu. Sekunde tatu za kusinzia zinatosha.

Dalili zake mnazijua: kupiga miayo, kope kuwa nzito, kutokumbuka kilometa chache zilizopita, matairi kugusa ukingo wa lami. Ukiona hata moja, tafuta mahali salama nje kabisa ya barabara. Kunywa kahawa kikombe kimoja au viwili, kisha lala dakika 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, hivyo utaamka nayo. Lakini hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kulala tu, haichukui nafasi ya usiku mzima. Lililo bora ni kulala vizuri Maskati, kuondoka alfajiri, kupumzika robo saa kila baada ya saa mbili, na kulala Haima ikiwa dereva ni mmoja. Pesa ya chumba cha usiku mmoja familia ya kijana wetu sasa huimaliza haraka kwa kununua pamba, bandeji na mipira ya mkojo.

Angalieni pia dawa. Vidonge vingi vya mafua na mwasho, kama klorofeniramini, husinzisha. Na wale wanaotegemea mirungi wakesha nayo, wajue kwamba Oman mirungi ni dawa ya kulevya na kuwa nayo ni kosa kubwa la jinai. Kiafya nayo haina msaada, maana ikiisha nguvu mwilini usingizi huja kwa kishindo.

Maji

Jangwani jasho hukauka kabla hujaliona. Ngozi inakuwa kavu, mtu anajiona hana tatizo, kumbe akitembea juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Kiyoyozi cha gari nacho hudanganya, kwani kikizimika ndipo unajua uko wapi.

Kila mtu ndani ya gari awe na angalau lita 10 za maji, hata kama safari ni ya siku moja. Maji hayo yagawanywe katika vyombo kadhaa, dumu moja likipasuka msibaki mikono mitupu. Kunyweni kidogo kidogo njia nzima msingoje kiu kali, na tazameni mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, mmechelewa. Wekeni na pakiti chache za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ni ileile tunayowafundisha akina mama kwa mtoto anayeharisha.

Mwenye kisukari asiache insulini kwenye dashibodi wala kwenye buti, joto huiharibu. Na mtoto asiachwe garini hata kidogo. Dakika kumi za jua zinatosha kuongeza joto la ndani kwa nyuzi kama 10 juu ya lile la nje, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Tunalirudia kwa sababu wazazi husema, "Nilikuwa naingia dukani mara moja tu."

Kabla ya kuondoka

Matairi yapimwe upepo yakiwa baridi, pamoja na spea. Tairi lililozeeka hupasuka kwa joto hata kama kashata zake bado nzima. Ubavuni mwake kuna namba nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipasuka mkiwa mwendoni, dereva ashike usukani kwa nguvu, aondoe mguu kwenye mafuta na aache gari lipunguze mwendo lenyewe. Akikanyaga breki ghafla, ndipo gari hupinduka. Mafuta yajazwe kila kituo hata kama tangi lina nusu.

Ngamia

Ng'ombe akigongwa huanguka mbele ya gari. Ngamia ana miguu mirefu. Boneti humkata miguu, na mwili wake wa kilo 400 au zaidi huja kwenye kioo na paa, sawasawa na vichwa vya waliokaa mbele. Madaktari wa Arabuni wameandika juu ya shingo zinazovunjika kwa namna hiyo. Jioni na usiku ngamia hupenda kusimama barabarani, na rangi yake ni ya mchanga. Ukimwona mmoja, punguza mwendo, kwa kuwa wengine wako nyuma yake. Funga breki ukiwa umenyoosha gari, usikate kona kwa ghafla.

Kwenye mlima kati ya Thumrait na Salalah wakati wa khareef kuna ukungu mzito kiasi cha kutoona gari la mbele. Hapo ni kwenda taratibu, taa za chini, nafasi kubwa. Na wadi yenye maji yanayokimbia isivukwe. Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani mbali nawe, na maji ya kina cha sentimeta 30 yanatosha kuinua gari dogo.

Gari likiharibika

Msiliache gari. Hili ndilo gumu zaidi kwa vijana, kwa sababu kukaa wanakuona ni uvivu. Gari linaonekana kwa mbali, mtu anayetembea haonekani. Lisogezeni nje ya lami, wekeni pembetatu nyuma, inueni boneti iwe alama. Pigeni 9999, ndiyo namba ya polisi na dharura ya Oman. Sehemu nyingine simu haishiki, basi simamisheni gari la kwanza linalopita na kutuma ujumbe.

Msikae ndani ya gari lililofungwa. Fungeni kanga au shuka upande wa kivuli mkae chini yake, lakini si juu ya mchanga wenyewe, maana mchanga ni moto kuliko hewa. Kalieni tairi la spea, boksi au viti. Msivue nguo, funikeni vichwa. Maji myanywe kadiri kiu inavyotaka. Kuna waliokutwa wamezirai na chupa bado ina maji, eti walikuwa wanayatunza. Maji ya rejeta msiyaguse: yana sumu, na kifuniko chake kikifunguliwa kikiwa moto huunguza uso.

Joto likimwangusha mtu

Mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi na kizunguzungu. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji yenye ORS kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kugomba bila sababu, kupepesuka, kupata degedege au kupoteza fahamu, hiyo ni hatari ya kifo. Msiyangoje magari kwanza. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea kwa nguvu bila kuacha, wekeni nguo zilizoloa shingoni, kwapani na kwenye kinena, mwingine akitafuta msaada. Parasetamoli haisaidii hapo, kwa sababu hiyo siyo homa ya ugonjwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, maji yataingia mapafuni, alazwe ubavu.

Ajali ikitokea, majeruhi asivutwe kutoka garini ila kama kuna moto au hatari nyingine ya mara moja. Kichwa, shingo na mgongo vibaki mstari mmoja, mtu mmoja akishika kichwa kwa mikono miwili. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa bila kuachia. Kijana wetu alikokotwa kwa makwapa hadi kivulini na watu wenye huruma. Hatuwezi kusema kama hilo liliongeza madhara, wala yeye hawalaumu.

Ninyi mliobaki nyumbani

Mna kazi yenu. Kijana akisema anasafiri, mwulizeni njia, namba ya gari, atalala wapi na saa atakayofika kila kituo. Andikeni kwenye karatasi. Msimpigie akiwa anaendesha. Mkubaliane kwamba atatuma ujumbe akifika Haima, Thumrait na Salalah. Muwe na namba ya mwenzake mmoja aliyebaki Maskati. Kwa Wakatoliki kuna parokia ya Watakatifu Petro na Paulo Ruwi, na ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri huko Salalah. Ni vema ajulikane angalau na jumuiya moja. Saa ya ujumbe ikipita kwa saa mbili na simu haipatikani, mpigieni yule mwenzake wa Maskati, naye apige 9999 akiwapa namba ya gari na kituo cha mwisho alipoonekana. Mdogo wa mgonjwa wetu aliondoka mwezi uliopita. Karatasi yake imebandikwa ukutani juu ya kitanda cha kaka yake, na kaka yake ndiye anayeshika simu.