Binti Aliyechagua Nyumba

Somo la mwezi kwa walimu wa sharika na wazazi. Someni kwanza Mithali 31:10–31, Luka 10:38–42 na Matendo 18:24–26.

Mwezi huu twawaletea neno lililotupata katika kazi yetu, maana twajua ya kuwa hata katika sharika zenu neno hili lapo, na pengine limekaribia kuwashinda kama lilivyokaribia kutushinda sisi.

Binti mmoja wa usharika wetu, huku mlimani Kilimanjaro, alimaliza kidato cha sita akafaulu vizuri, akapata nafasi ya kuingia chuo kikuu. Watu wa nyumbani mwake wakafurahi, na jirani pia. Lakini jioni moja, baada ya ibada, alikuja kwetu akasema, "Baba Mchungaji, chuoni siendi. Nataka kuolewa, nitunze nyumba na kulea watoto. Je, nimetenda dhambi?" Mchumba wake ni seremala, kijana mwenye bidii na mcha Mungu.

Kesho yake alikuja baba yake pamoja na mama, naye baba amekasirika sana. Akasema, "Mchungaji, niliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ya mtoto huyu. Je, niliwauza ili awe mkata majani kama mama yake?" Mama alikuwa ameketi karibu naye. Akainamisha kichwa, asiseme neno.

Habari ikaenea. Wazee wengine wa usharika wakasema, "Binti amefanya vema, mahali pa mwanamke ni nyumbani." Wengine wakasema, "Ameitupa karama ya Mungu." Na kila upande ulikuwa na aya zake. Basi, tufundishe nini? Na tulitazame neno hili kwa utaratibu.

KWANZA: KAZI YA NYUMBA NI WITO KWELI. Zamani za Martin Luther, watu wengi walidhani ya kuwa mwenye wito mtakatifu ni padre au mtawa tu, na ya kuwa mwenye kupika na kulea amebaki nyuma katika njia ya Mungu. Luther alilikataa wazo hilo. Mwaka 1522 aliandika juu ya ndoa, akasema ya kuwa baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani aweza kuchekwa na watu, lakini Mungu na malaika zake wamfurahia. Angalieni, ndugu wanaume, alimtaja baba! Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliweka mafundisho kwa waume, wake, wazazi na watoto katika orodha moja na mafundisho kwa wachungaji na watawala. Kwa Mungu hakuna kazi ya uani na kazi ya sebuleni.

Mkewe mwenyewe, Katharina von Bora, alikuwa mtawa aliyetoroka utawani pamoja na wenzake siku za Pasaka mwaka 1523. Wakaoana mwaka 1525, wakakaa katika jengo kubwa la Wittenberg lililokuwa zamani makao ya watawa. Humo Katharina alitunza wanafunzi, wageni na wagonjwa. Alilima bustani, akafuga ng'ombe na nguruwe, akapika pombe ya nyumbani kama ilivyokuwa desturi yao, akazishika hesabu za fedha ambazo mumewe hakuziweza. Alizaa watoto sita, na wawili wakafa wangali wadogo. Ni nani atakayesema ya kuwa mama huyu hakuwa na kazi?

Kwa hiyo tulimwambia yule baba, kwa upole lakini bila kuficha, "Ndugu yetu, neno lako la juzi lilimpiga binti yako, lakini lilimjeruhi zaidi mkeo. Majani aliyoyakata ndiyo yaliyowalisha ng'ombe wale uliowauza." Alinyamaza kitambo kirefu.

PILI: KAZI YA NYUMBA HAIMTAKI MJINGA. Wale wasemao, "Atakaye kupika ana haja gani ya vitabu?" nao wamekosa. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule za wavulana na za wasichana pia. Alisema ya kuwa msichana aweza kupata saa moja kwa siku ya kwenda shuleni, na bado akatenda kazi zake za nyumbani. Saa moja kwetu leo ni kidogo mno, lakini shauri lake lilikuwa jipya kwa siku zile: nyumba na kitabu si adui.

Mtazameni na mwanamke wa Mithali 31. Twamsoma sana arusini, lakini twaruka mistari. Yeye hulichunguza shamba kisha akalinunua. Hushona nguo akawauzia wafanyao biashara. Afumbuapo kinywa chake, hunena hekima. Na Prisila, pamoja na mumewe, alimchukua Apolo, mtu wa elimu nyingi, wakamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Je, angaliwezaje kama asingalijifunza? Basi, miaka ya shule ya binti yetu haikupotea. Mama ajuaye kusoma atausoma wosia, atausoma mkataba, atakisoma cheti cha dawa ya mtoto, tena atawafundisha watoto Neno la Mungu.

Na habari ya Martha na Mariamu tusiitumie kama fimbo. Bwana hakumkemea Martha kwa sababu alipika, maana Bwana mwenyewe alikula nyumbani mwa watu. Alimwonya kwa kusumbuka kwake, na kwa sababu alitaka kumwondoa dada yake mahali alipopachagua. Basi abakiye nyumbani asimvute mwenziwe aendaye chuoni, wala aendaye chuoni asimdharau abakiye. Kanisa letu lawahitaji sana mabinti waganga, walimu na wanasheria. Na tangu Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipokubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake wawe wachungaji, twawahitaji madhabahuni pia.

TATU: UCHAGUZI UWE UCHAGUZI KWELI. Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Miaka mingi iliyopita binti mwingine aliacha masomo akaolewa. Nasi tulimsifu mimbarani mbele ya usharika wote, tukasema amechagua fungu jema. Baada ya miaka tulimkuta njiani na mtoto mgongoni. Akatusalimu kwa heshima, kisha akasema, "Baba Mchungaji, siku ile ulisema nimechagua. Sikuchagua. Baba alisema fedha zamtosha kaka yangu tu. Nami sikuwa na mtu wa kumwambia, maana wewe ulikwisha kunisifu." Neno hilo halijatutoka moyoni mpaka leo. Tulimsifu bila kumwuliza. Sifa zetu zilikuwa kama kufuli la mlango.

Kwa hiyo safari hii tuliuliza kwanza. Tulimwita binti peke yake, pamoja na mke wa mchungaji, tukamwuliza maneno matatu. La kwanza: Je, yuko mtu aliyekulazimisha au kukutisha, au umekosa ada? La pili: Je, wakimbia chuo kwa hofu, au waiendea nyumba kwa upendo? La tatu: Kama mchumba huyu asingalikuwapo, ungalichagua nini? Kwa la tatu alifikiri sana, akajibu, "Ningalikaa mwaka mmoja na bibi yangu aliye mgonjwa, kisha ningalitazama tena." Tukaona ya kuwa ni mtu anayejijua.

Wala habari hii si ya watoto. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikathibitisha, ya kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 havipatani na Katiba. Mtoto aozwaye hakuchagua nyumba, amechaguliwa. Mwalimu wa usharika asiifiche ndoa ya namna hiyo nyuma ya Mithali 31.

NNE: AKAAYE NYUMBANI ALINDWE. Mshahara waonekana, lakini jasho la jikoni halionekani, na siku ya msiba au ya ugomvi husahauliwa upesi. Luther aliandika wosia mwaka 1542, akamfanya Katharina mrithi wake. Lakini alipokufa mwaka 1546, wosia ule haukutosha mbele ya sheria za Saxony, hata ikalazimu mtawala wa nchi aingie kati. Kisha vita vikaharibu mashamba yake, naye akafa huko Torgau mwaka 1552 baada ya miaka ya taabu. Kwetu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua ya kuwa kazi za mke nyumbani zahesabiwa kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Wajane wangapi katika sharika zetu wajua neno hilo? Tuwafundishe. Mume asemaye, "Mke wangu ni malkia wa nyumba," na aandike jina la malkia katika hati.

Mwisho wa habari ni huu. Yule seremala alikubali kiwanja watakachojengea kiandikwe kwa majina yao wawili. Binti alisema ya kuwa, Mungu akipenda, aweza kusoma baadaye, na mchumba wake akaahidi mbele ya wazee kutomzuia. Arusi itakuwa baada ya mavuno ya kahawa. Baba yake bado hajaridhika kabisa, nasi hatulifichi jambo hilo. Jumapili huketi benchi la nyuma. Lakini mkewe alitueleza ya kuwa siku hizi hutangulia alfajiri kukata majani ya ng'ombe, wala hasemi kwa nini.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:
1. Je, katika usharika wetu yuko binti tuliyemsifu au kumlaumu bila kumwuliza?
2. Ada ikiwa haba, twaamuaje ni mtoto yupi asome?
3. Waume, ni kazi gani ya nyumbani mwaweza kuitenda juma hili?
4. Je, wake na wajane wetu wajua haki zao katika mali ya nyumba?

Tuwaombee mabinti wote wa sharika zetu, wa nyumbani na wa chuoni, Bwana awape moyo huru na mikono yenye nguvu. Amani ya Bwana iwe nanyi.