Kuifuata njia ya misafara kutoka Busawe: vidokezo 8

Wapo wanaosafiri mpaka Samarkand kuifuata Njia ya Hariri, kundi zima na mwongozaji mbele. Sisi wa Busawe, katika bonde la Mto Mara, tuna njia yetu karibu zaidi: njia ya misafara ya pembe za ndovu, nguo na, kwa uchungu, watu. Kama kikundi chenu kinajipanga kwenda, someni haya kwanza.

1. Anza na mzee wa nyumbani. Biashara ya masafa haikuanza siku Mwarabu au Mzungu alipofika. Majirani zetu Waikoma walikuwa wakipeleka mikia ya nyumbu Usukuma. Muulize babu au bibi yako watu wa kwenu waliuza nini, kwa nani, na mto waliuvukia wapi. Andika majibu kwenye daftari na uondoke nalo.

2. Zungukeni Ziwa Viktoria. Tokeni Sirari, mpite Kisumu na Mumias, mwingie Uganda kwa Busia hadi Kampala, mrudi nyumbani kwa Mutukula na Karagwe, kisha mshuke Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Mumias palikuwa makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, na misafara ya kwenda Uganda ilipumzika hapo. Buganda nako, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika mbele ya Kabaka Suuna II mwaka 1844, akitokea upande huu wa Karagwe. Akiwa na bidhaa zake alileta pia Uislamu.

3. Karatasi zenu ziwe sawa. Wakurya wako Sirari na wako Isebania, upande wa Kenya, lakini undugu haugongwi muhuri. Beba pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Zamani msafara ulilipa hongo kwa kila mtemi: nguo, shanga, waya wa shaba. Ulikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu. Neno limebaki, maana imeoza. Leo lipa pale tu unapopewa risiti.

4. Mpime mwongozaji kwa swali moja: mzigo ulibebwa na nani? Msafara ulitanguliwa na kirangozi, na mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua, kwa kuwa aliijua njia, maji na lugha za watu. Mwongozaji anayekutajia wasafiri wa Kizungu Burton, Speke na Stanley tu, basi, hajaijua njia. Tafuta mwingine, hata kama bei yake iko juu kidogo.

5. Jitwishe mzigo. Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Mpagazi alibeba kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Jaza maji ndoo ya lita 20, ongeza nyingine iliyozidi nusu kidogo, tafuta namna ya kuzifunga pamoja, weka begani, tembea hatua 100. Kwanza shingo inakaza. Halafu mfupa wa bega unaanza kusema, na unajikuta unahesabu hatua kwa sauti. Sasa fikiria kilomita 1,200 hivi, Bagamoyo hadi Ujiji, miezi mitatu na zaidi, jua na matope. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ujira na posho, na kwao kijana aliyewahi kuiona pwani alirudi mtu mzima. Ila usimchanganye mpagazi na mtumwa. Mmoja alipatana mshahara. Mwingine alifungwa minyororo, na hakuna ziara inayostahili kulipiwa kama inapita juu juu hapo.

6. Tabora ipeni siku mbili. Ratiba nyingi huipa chakula cha mchana tu, na huko ni kupoteza kitovu cha njia yote: hapa barabara za Karagwe, Ujiji na pwani zilikutana. Nendeni Kwihara, mlione tembe alimokaa mmisionari David Livingstone. Oktoba 1873 wasaidizi wake Chuma na Susi walifika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, na maiti yake, wakitoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa. Waliufunga mwili upya ufanane na robota la nguo, ili vijiji vya mbele visiwazuie, wakaendelea kutembea.

7. Kongo si lazima. Njia ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo, kwenye himaya ya mfanyabiashara Tippu Tip. Usalama ukiwa na shaka, bakini Kigoma. Kaeni sokoni msikilize wachuuzi kutoka ng'ambo wakizungumza Kiswahili chao. Mtaelewa misafara iliacha nini kule. Kutoka Kigoma pandeni treni kuelekea Tabora. Reli hiyo ilifika hapo mwaka 1914, na ndiyo iliyowaondolea wapagazi wa njia kuu kazi yao.

8. Malizieni Bagamoyo, kwa miguu. Shukeni kwenye gari mapema, mtembee mpaka kanisa la misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo Februari 1874, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500 mabegani mwa watu. Simameni hapo mtaje majina: Abdullah Susi, James Chuma, Halima mpishi. Mwili ulipandishwa meli ukazikwa London tarehe 18 Aprili mwaka huohuo. Jacob Wainwright peke yake, kati ya waliotembea nao, ndiye aliyesafiri nao baharini. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.