Makao ya Wazee au Nyumbani? Anza kwa Kuhesabu Usiku

Familia nyingi za Kenya zinapokutana kujadili nani atamtunza mzazi, tarakimu mbili huwekwa mezani: ada ya makao ya wazee kwa mwezi na mshahara wa dada wa kazi. Ya kwanza inatisha, ya pili inabebeka, na kikao huishia hapo, watu wakanywa chai. Lakini tarakimu hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Ndani ya ada ya makao mna chakula, stima, maji, kufuliwa nguo na mtu wa zamu ya usiku. Ndani ya mshahara wa dada hamna hata kimoja katika hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kupigia makao yoyote simu, andika usiku wa mzazi wako ulivyo. Tuseme mama amepata kiharusi na hawezi kujigeuza kitandani. Ili mgongo na makalio yasitoke vidonda, anahitaji kugeuzwa takriban kila saa mbili: saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Katika baadhi ya nyakati hizo nepi itabadilishwa, pengine na shuka pia. Aliyeamka mara zote hizo hawezi tena kupika uji saa kumi na mbili, kumwogesha saa mbili na kumpeleka kliniki saa nne. Wiki ina saa 168, na wiki ya kazi ya kawaida kwa amri ya mishahara ya Kenya ni saa 52. Gawanya, utapata watu watatu na ushee. Kama mnamlipa mmoja tu, basi ama mama hana wa kumwangalia usiku, ama kuna mtu anayekesha bila malipo. Mara nyingi ni binti ambaye hajaolewa au mke wa kitinda mimba, na kwenye kikao hakuna anayemtaja kama gharama.

Mzee anayetembea, anayejiendea msalani na kulala hadi asubuhi ni habari nyingine kabisa. Huyo anahitaji wa kumkumbusha dawa na kumpikia, basi. Kwake nyumbani ni nafuu kwa mbali, na sioni sababu ya kuzunguka kutafuta makao.

Sasa mshahara wenyewe. Kiwango cha chini kwa mtumishi wa nyumbani jijini Nairobi, Mombasa na Kisumu kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Nyongeza ya viwango hivi kwa kawaida hutangazwa Mei Mosi, kwa hiyo tumia kilichopo siku unayopiga hesabu. Juu yake mwajiri huchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 6 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, jumla ikawa takriban 17,300. Asiyelala kwako anastahili pia marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Watatu wa kulala hapo hapo ni karibu 52,000 kabla hawajala, na hao ni wa kima cha chini. Mwenye cheti cha utunzaji wa wagonjwa atadai zaidi. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka na siku ya mapumziko kila wiki zina maana kwamba lazima awepo wa kushikia zamu.

Mashambani kiwango cha chini ni kidogo zaidi ya nusu ya kile cha jiji, ndiyo maana wengi humrudisha mzazi kijijini. Hesabu hiyo inaweza kuwa sawa, ila ongezeni nauli ya hospitali. Gari la kukodi hadi mjini kila mwezi kwa mtu asiyeweza kukaa kwenye matatu humeza haraka mlichookoa kwenye mshahara.

Vitu vingine vya nyumbani si lazima vikuchoshe, ila vihesabu kwa idadi, si kwa kukisia. Nepi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Uliza bei ya moja duka la dawa, zidisha. Gharama za mara moja, kama godoro la hewa, kiti cha magurudumu, vyuma vya kushikilia msalani na kupanua mlango, gawanya kwa miezi 24 uone zinakuwa ngapi kwa mwezi.

Ada ya makao nayo ina mifuko ya siri. Omba iandikwe: je, nepi na dawa zimo? Mazoezi ya viungo yanalipiwa kando? Akilazwa hospitalini wiki tatu, mnaendelea kulipa kitanda? Nani humsindikiza kwa daktari, na kwa pesa za nani? Ada hupanda mgonjwa akizidiwa? Amana hurudishwa akifariki? Kisha uliza swali ambalo wengi huliogopa: usiku huwa kuna watunzaji wangapi kwa wazee wangapi? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, nenda ukaone mwenyewe baada ya saa mbili usiku. Bustani nzuri mchana haimgeuzi mtu kitandani.

Upande wa pesa, Serikali haibebi mzigo mkubwa, na ni vyema kulijua hilo mapema. Mpango wake wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo huweza kuchelewa. Usajili huanzia kwa chifu na ofisi ya ustawi wa jamii, na anayelipwa pensheni hahesabiwi. SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu, haigharamii malazi ya makao ya wazee. Hata hivyo hakikisha mzazi amesajiliwa na mchango wake hauna deni, maana siku ya kulazwa ndiyo siku mbaya ya kugundua hilo. Kama ana bima ya binafsi, soma kipengele cha uuguzi wa nyumbani baada ya kutoka hospitali na kile cha ukomo wa umri. Makao yasiyotoza ada yapo, kama Nyumba ya Wazee ya watawa kule Kasarani, lakini yalianzishwa kwa ajili ya maskini. Mama mwenye watoto watano wenye kazi asitarajie kitanda pale.

Kinachobaki ni mali ya mzazi na mifuko ya watoto. Kama ana nyumba ya kupangisha, kodi yake ndiyo ya kwanza kutumika. Kuuza shamba ni hatua ya mwisho, kwa sababu ukishalila halizai tena, na shamba la kilimo huhitaji pia kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Hati ya kumpa mmoja wenu mamlaka ya kusimamia mali yake iandikwe na wakili mzazi akiwa bado na akili timamu. Mkingoja hadi asahau majina yenu, njia itakayobaki ni mahakama.

Kwa michango, fungueni laini moja au akaunti moja ambayo taarifa yake kila ndugu anaiona. Anayeishi Doha au Minnesota alete pesa. Anayekesha na mama ahesabiwe saa zake kwa kiwango kile kile cha mshahara mlichokubaliana, na zikatwe kwenye mchango wake. Nimeona familia zikiacha kugombana kwa sababu ya mstari huo mmoja tu kwenye daftari.

Wala si lazima mchague upande mmoja moja kwa moja. Baadhi ya makao hupokea mzee kwa wiki mbili mtunzaji akiwa likizo, na hiyo ni njia nzuri ya kuona yanavyofanya kazi kabla ya kulipa amana. Mnaweza pia kuweka mtu wa usiku pekee, mchana ukabaki wa familia. Kwa mgonjwa asiyejigeuza, shilingi inayolipa zamu ya usiku hufanya kazi kubwa kuliko ya mchana. Rudieni hesabu kila miezi mitatu, au siku yoyote atakapoanguka, atakapolazwa, au atakapoanza kuamka saa nane akitafuta mlango wa nje.