Kuni, Makaa, Mafuta na Gesi: Pamoja na Habari ya Seredani Kuukuu

Sote tumefundishwa darasani ya kwamba joto ni kitu kinachoweza kupimwa, lakini ni wachache wetu waliokwisha kulipima jikoni kwao. Hata mimi nisingelipima lau si jambo lililotokea nyumbani kwetu, karibu na Wete, wakati wa masika yaliyopita.

Dada yangu alijifungua, na kama ilivyo desturi ya kwetu alikuja kukaa arobaini kwa Bibi. Mvua zilikuwa hazikatiki, kuta za chumba zimerowa, na mzazi hatakiwi kuingiwa na baridi. Basi kila usiku Bibi alitia makaa katika seredani yake, akaipepea mpaka ikashika, kisha akaisukuma chini ya kitanda cha dada na kufunga dirisha na mlango. Usiku wa tatu nilisikia dada akiita kwa sauti ndogo. Alisema kichwa kinampasuka na chumba kinamzunguka, na kabla sijajibu akatapika. Bibi alidhani ni homa. Mimi nilikumbuka somo la kemia la muhula uliopita, nikafungua dirisha na mlango, nikaitoa ile seredani uani mvuani, na Bibi akamchukua mtoto barazani. Haikupita saa moja dada akaanza kupata nafuu. Asubuhi tuliwapeleka wote wawili hospitali, wakaangaliwa, na alhamdulillahi hawakuwa na neno.

Sababu yake ni hii. Makaa ni kaboni karibu matupu. Yakipata hewa ya kutosha huungana na oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi. Lakini ile kaboni dioksaidi ikipita juu ya makaa mengine yenye moto mwingi na hewa kidogo, hugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kuchukua pumzi. Moshi wa kuni humtoa mtu chumbani kwa kumliza machozi. Makaa hayamwonyi mtu. Ndiyo maana watu huyaona ni safi.

Siku ya pili niliitazama vizuri ile seredani. Ilikuwa ya bati, kuukuu kabisa. Bati la matundu linaloshika makaa lilikuwa limeliwa na kutu hata makaa mazima yakianguka chini. Majivu yalijaa mpaka kwenye mlango wa hewa. Ubavuni mlikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, hii imenipikia harusi nne, usiitupe." Nikamwambia sitaitupa, ila naomba ruhusa ya kuipima kwanza.

Nilikopa mizani kwa mwenye duka jirani, nikapima makaa, nikachemsha lita 3 za maji, kisha nikazima makaa yaliyobaki kwa kuyafunika na kuyapima tena. Yalikuwa yametumika gramu 190. Sasa tufanye hesabu. Kuipandisha lita moja ya maji nyuzi moja ya joto kwahitaji kilojuli 4.2. Maji yetu yalitoka nyuzi 25 mpaka 100, yaani nyuzi 75. Kwa lita 3 ni kilojuli 945. Kilo moja ya makaa mazuri ina kilojuli 29,000 hivi, kwa hiyo gramu 190 zilitoa 5,510. Katika kila kilojuli mia, 17 tu ziliingia majini. Zilizobaki zilipasha moto uani kwetu bure.

Kwa hesabu hiyo hiyo mtu aweza kulinganisha vitu vyote vya kuwashia moto. Kuni kavu zina kilojuli 16,000 hivi kwa kilo, lakini mafiga matatu hupoteza joto jingi sana. Ukikadiria 12 katika mia, lita zetu 3 zataka karibu nusu kilo ya kuni. Mafuta ya taa yana kilojuli 43,000 kwa kilo, na stovu ya utambi iliyotunzwa hufikisha kama 40 katika mia, basi gramu 55 zatosha. Gesi ya mtungi ina 46,000 na jiko lake hufikisha 55 hivi: gramu 37. Umeme, ambao tangu mwaka 2010 hutufikia Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, huuzwa kwa uniti, na uniti moja ni kilojuli 3,600. Jiko la sahani ya umeme likifikisha 70 katika mia, kazi hiyo haifiki nusu ya uniti. Bei sikuziandika kwa kuwa hazikai mahali pamoja. Chukua bei ya dukani kwenu, uzidishe kwa vipimo hivi, utapata jawabu lako mwenyewe, na huenda likakushangaza. Wengi kijijini kwetu husema gesi ni ghali kwa sababu mtungi hulipiwa kwa mara moja, na makaa hulipiwa kwa kopo.

Lakini kuna hesabu moja iliyonikera kuliko zote. Katika tanuri la udongo, kupata kilo moja ya makaa huchoma kilo 7 za kuni au zaidi. Kwa hiyo gramu 190 za Bibi zilikuwa zimekula kilo 1.3 ya mti, ambapo mafiga yangekula nusu kilo. Makaa hutupunguzia moshi jikoni, lakini mti hulipa zaidi ya mara mbili. Na miti yetu si mingi. Aliyewahi kutembea kandokando ya hori zetu amekwisha kuona visiki vya mikoko, na msitu wa asili uliobaki mkubwa ni ule wa Ngezi tu, nao ni hifadhi. Makumbi na vifuu vya nazi, ambavyo watu huviacha vikaoza shambani, havikatiwi mti wo wote.

Ama kuni mbichi sina haja ya kuzieleza sana. Kila kilo ya maji iliyomo ndani ya kuni hula kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke, nazo hazikupikii kitu. Zianike kabla ya masika.

Sasa nieleze matengenezo. Nilikwangua kutu yote, nikaziba tundu kwa kipande cha bati la pipa, na kwa bati hilo hilo nikakata duara jipya la kushikia makaa, nikalitoboa kwa msumari matundu yenye upana wa kidole kidogo. Kisha nikachukua udongo wa kichuguu, nikauchanganya na majivu yaliyochungwa na pumba za mpunga, nikaukanda kama unga wa mkate na kuupaka ndani ya seredani kwa unene wa vidole viwili, chini kwembamba na juu kupanuke. Udongo huzuia joto lisitoke ubavuni. Wazo hili si langu. Majiko ya bati yenye udongo ndani yalienea sana Kenya tangu miaka ya 1980.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa na haraka, nikaianika juani, na kufika jioni udongo umepasuka kama dongo la kinamo wakati wa kiangazi. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "We mtoto, chungu hukaushwa kivulini. Hukuona wafinyanzi?" Nikabomoa, nikapaka upya, na safari hii ikakaa kivulini siku nane, kisha nikaiwashia moto mdogo wa vifuu kabla ya moto mkubwa. Nikapima tena: lita 3 kwa gramu 130. Maana yake joto linaloingia majini limepanda kutoka 17 mpaka 25 katika mia, na kwa kila siku tatu Bibi huokoa makaa ya karibu siku moja.

Jambo lile lile lahusu kila chombo cha kuchemshia, hata matangi makubwa ya mvuke kama yanayotumika katika kukamua mafuta ya makonyo kule Wawi. Masizi nje na ukoko mweupe wa chokaa ndani ni kama blanketi baina ya moto na maji. Birika letu lilikuwa na ukoko. Nililichemsha kwa maji ya ndimu, nikalisugua, likang'aa. Wenye stovu wakate utambi sawasawa, maana utambi uliochongoka hutoa masizi. Wenye gesi wapake povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Likitoa mapovu, funga mtungi na ufungue madirisha, wala usiwashe hata taa.

Napenda msomaji asidhani ya kwamba seredani iliyotengenezwa imekuwa salama ndani ya chumba. La, gesi ile bado imo. Dada alimaliza arobaini yake akikandwa kwa maji yaliyochemshwa uani, na usiku aliwekewa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga. Shangazi mmoja alinung'unika kuwa tumeacha mila. Bibi akamjibu kwamba mila ni kumtia mzazi joto, na chupa ina joto.

Udongo hupasuka kidogo kidogo kila baada ya majuma kadhaa. Bibi huziba nyufa mwenyewe kwa majivu na udongo, kisha huiacha seredani kivulini siku nzima, na siku hiyo hupikia makumbi.