Somo la Toleo Hili: Jicho la Shahidi Usiku



Tumeona vyema safari hii tuzungumze juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu huifanya tangu anapofumbua macho alfajiri, wala haihesabu kuwa ni kazi, nayo ni kutazama. Mfugaji wa Ankole humjua ng'ombe wake ndani ya kundi kubwa kwa mkunjo wa pembe na kwa madoa ya ubavuni, na kila rangi ina jina lake, kama vile bihogo kwa yule mwekundu wa kukoza. Mama anayebadilisha fedha pale Mutukula huigeuza noti mara moja mkononi akaitilia shaka au akaipokea. Dereva wa lori hukadiria kwa jicho tu kama tela lake litapita kati ya magari mawili. Ujuzi huo haukufundishwa darasani. Umejengwa na mazoea ya miaka, mchana kweupe, juu ya vitu vilevile.

Mashaka huanza pale jicho hilohilo linapoombwa kutoa ushahidi juu ya mtu lisilomjua, aliyepita usiku, kwa muda mfupi mno.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa mpakani, tuliitwa usiku kumwokoa kijana wa bodaboda aliyezingirwa na watu wenye mawe na fimbo. Duka lilikuwa limevunjwa, na mwenye duka alikuwa amemwona mwizi akikimbia, amevaa shati jeusi. Kijana yule naye alikuwa na shati jeusi. Tulimtoa akivuja damu kichwani. Siku mbili baadaye mali ilikutwa kwa mtu mwingine kabisa, pamoja na shati alilolivaa usiku ule. Lilikuwa jekundu.

Mwenye duka hakusema uongo, alisema alichokiona. Ndani ya jicho mna chembe za aina mbili. Zipo zinazofanya kazi penye mwanga, nazo ndizo zitambuazo rangi. Na zipo zinazofanya kazi gizani, nazo hazijui rangi hata kidogo. Mwanga unapofifia, nyekundu hutangulia kugeuka nyeusi. Tena, mtu atokaye chumba chenye taa huhitaji karibu nusu saa kabla macho yake hayajafikia uwezo wao wote wa gizani, na taa za lori zikimpiga usoni hurudishwa nyuma. Mwenye duka alikuwa ametoka kitandani, akawasha taa, kisha akachungulia nje.

Hata mchana jicho lina mpaka wake. Nyosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo tunaloliona kwa ukali kamili halizidi sana ukubwa wa ukucha huo. Pembeni yake tunapata mwendo na maumbo, na akili hujaza yaliyosalia kwa ustadi hata tusijue kwamba imejaza. Basi mtu akitishwa kwa panga, macho yake huelekea kwenye panga. Mara nyingi tumepokea mashahidi walioweza kueleza mpini ulivyofungwa kamba, lakini sura ya aliyeushika hawakuwa nayo. Wasilaumiwe.

Mahakama zetu zinayajua haya kwa muda mrefu. Hapa Uganda, katika kesi ya Abdalla Nabulere na wenzake, Mahakama ya Rufani iliagiza ushahidi wa kumtambua mtu upimwe kwa hadhari kubwa, kwa kuangalia shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema karibu maneno hayohayo mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani. Kwa hiyo mkazi wa Mutukula, awe upande huu au ule, ataulizwa maswali yaleyale.

Hapana budi kuyatayarisha majibu mapema. Ukiona tukio, achana na shati, maana shati huvuliwa. Tazama kimo chake dhidi ya mlango au ukuta unaoweza kupimwa kesho. Tazama mwendo, mkono anaoutumia, kovu, umbo la sikio. Kumbuka taa ilikuwa wapi. Kisha yaseme hayo kwa mwenyekiti wa LC1 au kituoni kabla hujakaa na majirani kuyajadili, kwa sababu maneno ya jirani huingia katika kumbukumbu na kukaa humo kama yaliyoonwa kwa macho. Hili ndilo gumu kuliko yote, tunakiri, kwani nani hukaa kimya baada ya wizi?

Nasi askari hatukosi lawama. Wako miongoni mwetu waliomleta mshukiwa peke yake, amefungwa pingu, wakamuuliza shahidi, "Ni huyu?" Mtu aliyeibiwa, mbele ya pingu, atajibu nini? Kesi zimeanguka kwa swali hilo, na wasio na hatia wameteseka kwa ajili yake.

Utaratibu ulio sahihi ni gwaride la utambuzi. Mshukiwa husimama pamoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali, naye huchagua mwenyewe mahali pa kusimama. Shahidi hukaa mbali asiwaone kabla ya wakati. Anapoingia, ofisa humweleza kwamba mtu aliyemwona huenda yumo na huenda hayumo. Ukiitwa siku moja, usione haya kuwapitia wote, kurudi mwanzo wa mstari, na kusema, "Simwoni hapa." Jibu hilo nalo huandikwa kama lilivyo.